Kuwapata wataalamu wa kujitolea kutunga mtihani wa audiolojia: kisa kutoka Malindi

Usuli

Chama kimoja cha kitaaluma nchini Kenya kiliamua kuandaa mtihani wa kuwaidhinisha wahudumu wa audiolojia, yaani wale wanaopima usikivu, wanaochagua na kurekebisha visaidizi vya kusikia, na wanaowashauri wagonjwa na familia zao. Hakikuwa na fedha za kuwalipa watungaji, kwa hivyo kilihitaji wataalamu wa kujitolea. Majina ya chama, watu, vyuo na hospitali nimeyaondoa, na mambo machache nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki vilivyokuwa. Mimi nilihusika kama mshauri wa utahini, nikaingia baada ya mwito wa kwanza kumalizika.

Haja ya mtihani ilikuwa wazi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu usikivu, iliyotolewa mwaka 2021, inakadiria kuwa watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma za kurekebisha usikivu, na kwamba ifikapo 2050 watazidi milioni 700. Ukikaa asubuhi moja katika kliniki ya masikio ya pwani utakutana nao: mtoto ambaye sikio limekuwa likitoa usaha tangu hajaanza shule, mzamiaji wa pweza mwenye kiwambo cha sikio kilichotoboka, fundi wa boti aliyezeekea kando ya injini, mgonjwa aliyepona kwa sindano za gentamicin lakini akarudi nyumbani na mvumo usiokoma masikioni.

Wanaowahudumia watu hawa wamepita njia mbalimbali. Wapo matabibu waliosomea stashahada ya juu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wapo wenye shahada za ng'ambo, na wapo waliofunzwa kazini na wauza visaidizi vya kusikia. Wote huvaa koti jeupe, na mgonjwa hana njia ya kujua nani anaijua kazi.

Tofauti hiyo si ndogo. Chukua mtu mwenye sikio moja zima na jingine lisilosikia kabisa. Ukimpima kwa vipokea sauti vya kawaida vinavyokaa juu ya sikio, sauti ikifikia takriban desibeli 40 hadi 60 juu ya kiwango cha sikio zima huanza kuvuka fuvu, na sikio zima huisikia. Mpimaji asiyejua kulishughulisha sikio hilo kwa kelele maalumu ataandika kuwa sikio bovu lina upungufu wa wastani. Familia itauza mbuzi inunue kifaa, na kifaa kitawekwa kwenye sikio lisiloweza kufaidika nacho. Audiogramu, yaani chati ya matokeo ya upimaji, itakuwa nzuri machoni na ya uongo.

Mtihani wa kuidhinisha haukai kwa mtu mmoja kujifungia na kuandika maswali. Huanza na uchambuzi wa kazi: mhudumu hufanya nini hasa, mara ngapi, na akikosea madhara yake ni yapi. Kutokana na uchambuzi huo hutengenezwa jedwali la utahini, ambalo huonyesha kila eneo litakuwa na maswali mangapi. Kisha hufuata kutunga, kuhakiki, kujaribisha, na mwisho kuweka alama ya kufaulu. Kila hatua inawataka wenye taaluma wenyewe, na si lazima wawe watu wale wale.

Mwito wa kwanza

Kamati ya chama iliandika barua moja kwa vyuo na hospitali. Iliwaalika "wataalamu wabobezi wenye uzoefu usiopungua miaka kumi" wajiunge na "jopo la kitaifa la kuandaa mtihani". Barua haikusema kazi ni kiasi gani, itachukua muda gani, wala nani atalipa nauli. Majina yalikuja, tena mengi kuliko ilivyotarajiwa, na karibu yote yalitoka Nairobi: wahadhiri, wakuu wa idara, wamiliki wa kliniki kubwa. Kamati ilifurahi. Orodha ile ilionekana nzito na ilifaa kuwekwa kwenye taarifa ya mwaka.

Walipotumiwa jedwali na kuombwa maswali, wengi walinyamaza. Wachache walioleta waliandika juu ya mambo wanayoyapenda. Yakaja maswali mengi mno kuhusu vipimo vya umeme vya mshipa wa usikivu kwa mashine ambazo kliniki nyingi za pwani hazina, na hakuna hata moja kuhusu nta, usaha, au namna ya kumwambia mzazi kuwa mtoto wake hasikii. Miezi ikapita. Barua za kukumbusha zilijibiwa kwa heshima na bila maswali.

Nisiwaonee wale wahadhiri. Wengi wao walikuwa na nia njema na kazi tatu kila mmoja. Waliombwa jina, wakatoa jina.

Simu zilizopigwa kabla ya mwito wa pili

Kabla ya kuandika tena, tulishauriana tuwapigie simu watu ambao hawakujibu kabisa, hasa waliokuwa wakipima wagonjwa kila siku kati ya Mombasa na Lamu. Majibu yao yalikuwa na thamani kuliko orodha yote ya kwanza.

Mhudumu mmoja kutoka Lamu alisema aliiona barua ikiwa imebandikwa ukutani, akasoma "wabobezi" na kuipita. "Nilidhani mwatafuta maprofesa," alisema. Mwanamke huyo alikuwa akipima watoto wa shule kisiwani kwa miaka mingi, akibeba mashine kwa boti. Mwingine alisema mkuu wake hawezi kumruhusu kutoka kazini bila barua inayomtaja yeye kwa jina na siku zenyewe. Wa tatu, kutoka upande wa Tana River, aliuliza swali moja tu: nauli inarudishwa lini? Alikuwa ameshawahi kujitolea katika kazi nyingine, akalipa mfukoni mwake na kusubiri marejesho mpaka akakata tamaa. Nilivyowaelewa, wengi hawakuwa wakitafuta posho. Walichokikataa ni kugharamia wenyewe kazi ya umma.

Likajitokeza pia suala la tarehe. Kikao cha kwanza kilikuwa kimepangwa wiki ya Maulidi. Mtu yeyote wa Lamu angeweza kuiambia kamati kuwa wiki hiyo kisiwa kinapokea wageni kutoka kila upande wa pwani, na hakuna nyumba inayomruhusu mwenyeji kusafiri. Hakuna aliyeulizwa.

Mwito wa pili uliandikwa upya kabisa, ukatumwa kwa mtu mmoja mmoja. Sehemu yake ilisema hivi (timpanometria ni kipimo cha jinsi kiwambo cha sikio kinavyotikisika shinikizo la hewa linapobadilishwa):

"Tunatafuta watu wa kutunga maswali kuhusu timpanometria na kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kila mmoja atatunga maswali kumi ndani ya wiki sita. Tumekadiria saa mbili kwa wiki, pamoja na siku tatu za kikao Malindi. Nauli itatumwa kwa simu kabla ya safari. Malazi na chakula vimelipiwa. Hakuna posho ya kikao. Si lazima uwe umewahi kutunga mtihani, utafundishwa. Ni lazima uwe umepima wagonjwa kwa mikono yako katika mwaka uliopita. Ukishiriki, hutaruhusiwa kufanya mtihani huu wala kuendesha masomo ya kuuandalia kwa miaka miwili."

Kila nakala ilitaja eneo lililopungukiwa katika jedwali, kwa hivyo mtu alijua kwa nini ameitwa yeye. Aliyekubali alipata barua ya kumpelekea mwajiri, ikiwa na jina lake, siku, na pointi za mafunzo endelevu atakazopewa. Sentensi ya mwisho ya mwito, ile ya miaka miwili, wajumbe wawili wa kamati walitaka iondolewe wakihofia itafukuza watu. Ilibaki. Vijana wawili waliokuwa wamejiandikisha walijitoa walipoisoma, kwa sababu walikuwa wanauhitaji mtihani wenyewe kwa ajili ya ajira. Ilikuwa haki yao kujua mapema, na kamati ilifanya vyema kutowabembeleza.

Malindi ilichaguliwa kwa sababu iko katikati ya Mombasa na Lamu, na msimu wa watalii wachache bei za nyumba za wageni hushuka. Anayetoka Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe kisha hupanda basi kupitia Witu na Garsen. Anayetoka Nairobi anaweza kuruka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Malindi. Safari ilikuwa nyepesi zaidi kwa wa Nairobi, lakini mara hii angalau haikuwa yote juu ya mabega ya wa kisiwani.

Mgongano wa maslahi pale ambapo kila mtu anamjua kila mtu

Hili ndilo lililochukua muda mrefu kuliko mengine yote, na naamini ndilo litakalomfaa zaidi yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii katika taaluma ndogo.

Kamati ilikuwa imechukua kanuni zake kutoka kwa miongozo ya nchi zenye maelfu ya wataalamu wa audiolojia, kama Marekani. Moja ilisema kuwa anayefundisha watahiniwa, au anayeendesha masomo ya kuwaandaa, asitunge swali lolote. Sababu yake ni njema. Mwalimu aliyeona maswali, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, atajikuta anakazia darasani yale anayojua yatatokea. Huko Marekani ukimtoa mwalimu huyo, nyuma yake wapo wengine wengi. Pwani ya Kenya, ukiwatoa wanaofundisha, wanaosimamia wanagenzi, na wanaomiliki kliniki zitakazowaajiri watahiniwa, chumba kinabaki na viti.

Palikuwa na mapendekezo mawili ya haraka. Moja lilitaka kanuni ifutwe kwa sababu haitekelezeki. Jingine lilitaka mtihani ununuliwe kutoka nje. La pili lilivutia mpaka mtu mmoja alipouliza kipimo cha usemi kitafanywaje: mtihani wa nje utamuuliza mtahiniwa kuhusu orodha za maneno ya Kiingereza, ilhali mtoto wa Ganze anayezungumza Kigiriama nyumbani akishindwa kurudia maneno hayo, huwezi kujua kama hakusikia au hakuyajua. Mhudumu anayestahili kuidhinishwa hapa lazima alijue hilo.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kugawa kazi kulingana na hatari yake. Uchambuzi wa kazi na jedwali la utahini viliachiwa wote, walimu wakiwemo, kwa sababu jedwali hutangazwa kwa watahiniwa na hakuna siri ndani yake. Kutunga maswali kuliruhusiwa kwa walimu, lakini kila mmoja nje ya somo analolifundisha, na kila mmoja aone maswali ya kundi lake tu. Kazi ya kuchagua maswali na kuunganisha karatasi ya mwisho ilipewa watu watatu wasiofundisha, wasiomiliki kliniki na wasiosimamia mwanagenzi yeyote wa mwaka huo. Kuwapata hao watatu kulikuwa kazi peke yake. Mmoja alikuwa mstaafu.

Wanaofanya kazi kwa wauzaji wa visaidizi vya kusikia walikuwa suala jingine. Ujuzi wao wa vifaa ni mkubwa, na kuwatenga kungeupotezea mtihani mambo ya kweli. Walikubaliwa kutunga kuhusu upimaji na usalama, wakazuiliwa kwenye maswali ya kuchagua kifaa, na ikawekwa kanuni kuwa hakuna jina la kampuni litakaloonekana popote.

Mjumbe mmoja alipinga mpango mzima. Alisema kuta hizi ni za karatasi kwa sababu watu wale wale hunywa chai pamoja jioni. Hoja yake ilikuwa na uzito na haikujibiwa kikamilifu. Jibu lililotolewa ni kwamba kila tamko la maslahi liliandikwa, likasomwa mbele ya wote, na likahifadhiwa, ili baadaye mtahiniwa akilalamika pawe na kitu cha kuchunguza. Mimi naona hilo ni jibu la kutosha kwa mwanzo, kwa sharti kwamba kuta ziongezwe unene kadiri taaluma inavyokua.

Kikao cha Malindi

Walifika wataalamu 14. Watano walikuwa wa vyuo, waliobaki ni wahudumu wa kliniki za Mombasa, Kilifi, Malindi, Hola na Lamu. Aliyetoka Lamu aliombwa kuandika kwa siku tatu kama wengine wote, na chumba chenye kiyoyozi kisichonguruma kilitafutwa kwa makusudi, kwa sababu mmoja wa wahakiki alikuwa mwalimu anayetumia visaidizi vya kusikia. Watu walizungumza mmoja mmoja, na jambo hilo liliwafaa wote.

Kujua kazi na kujua kutunga swali ni vitu viwili. Asubuhi ya kwanza ilikwenda kwenye mafunzo: swali moja lipime jambo moja, jibu sahihi liwe moja, majibu mengine yawe makosa ambayo mwanafunzi dhaifu huyafanya kweli. Baada ya hapo maswali yalipewa namba bila majina ya watungaji, na kila mhakiki aliandika maoni yake kimya kabla ya mtu kufungua mdomo. Utaratibu huo ulikuwa na lengo moja kubwa. Nusu ya waliokuwa chumbani walifundishwa na mmoja wa wahadhiri waliokuwepo, na kwetu mtu hamkosoi mwalimu wake mbele za watu.

Swali moja naweza kulionyesha lilivyobadilika, kwa kuwa baadaye liliondolewa kwenye benki ya maswali kwa sababu nitakayoieleza. Timpanogramu ni grafu inayotoka katika kipimo cha timpanometria, na aina ya B ni iliyo bapa. Swali lilikuja hivi:

"Timpanogramu ya aina ya B inaonyesha nini? A. Majimaji nyuma ya kiwambo. B. Kiwambo kilichotoboka. C. Nta iliyoziba mfereji. D. Yote hapo juu."

Wengi walilipitisha. Yule mhudumu wa Lamu akainua mkono. "Niwieni radhi, lakini bila ujazo wa mfereji mimi siwezi kujibu. Grafu ikiwa bapa, kitu cha kwanza naangalia ile namba ya mililita." Akaeleza: ujazo mdogo mno, huenda ni nta au ncha ya kipimo imegusa ukuta; ujazo wa kawaida, fikiria majimaji; ujazo mkubwa, kiwambo kina tundu. Swali lilivyo linamtuza aliyekariri herufi B na kumwacha anayejua kusoma mashine. Chumba kilinyamaza kidogo. Kisha mhadhiri mkongwe kuliko wote akasema, "Hilo ni langu. Bi huyu asema kweli, liandikeni upya."

Likawa hivi: "Mvuvi wa miaka 34 hutokwa na maji katika sikio la kulia kila baada ya kupiga mbizi. Leo sikio ni kavu. Timpanogramu ya kulia ni bapa na ujazo wa mfereji ni mililita 3.4. Kushoto timpanogramu ni ya kawaida na ujazo ni mililita 1.1. Ni lipi linaloelekea zaidi kueleza matokeo ya kulia? A. Nta imeziba mfereji. B. Majimaji yamejaa nyuma ya kiwambo kizima. C. Kiwambo kimetoboka. D. Ncha ya kipimo imegusa ukuta wa mfereji."

Jibu ni C, na kila kosa lina sababu yake: A na D zingetoa ujazo mdogo, B ingetoa ujazo wa kawaida. Swali hili limebeba mgonjwa wa kweli, mashine ya kweli na uamuzi wa kweli. Halikuhitaji shahada ya uzamivu kulitunga. Lilihitaji mtu aliyesoma ile namba mara nyingi mno mpaka jicho linaikimbilia lenyewe, na mtu mwingine aliyejifunza kuifanya iwe swali.

Mhakiki anayetumia visaidizi vya kusikia naye alibadilisha sehemu nzima ya ushauri kwa familia. Swali moja liliweka kama jibu sahihi kwamba mzazi wa mtoto aliyezaliwa bila kusikia ashauriwe kwanza "kupunguza matarajio". Alilikataa na kueleza kwa nini, akitoa maisha yake mwenyewe kama ushahidi. Jibu sahihi likawa kuieleza familia njia zote zilizopo mapema, Lugha ya Ishara ya Kenya, inayotajwa katika Katiba ya 2010, ikiwa mojawapo.

Maswali yaliyovuja

Wiki chache baada ya kikao, mtungaji mmoja alipiga picha ukurasa wa maswali ya timpanometria na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, akiomba maoni. Hakuwa na nia mbaya. Ndani ya kundi hilo walikuwemo watu waliokusudia kufanya mtihani. Mjitoleaji mwenzake aliona na kuipa kamati habari usiku huo huo.

Kamati iliondoa maswali yote ya ukurasa huo, si lile lililojadiliwa peke yake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha nani ameona nini. Badala ya kuyatupa, iliyatangaza kwa watahiniwa wote kama maswali ya mfano. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: aliyeona kwa siri hakubaki na faida yoyote, na kazi ya watungaji haikupotea. Mhusika hakufukuzwa. Alihamishiwa kazi ya jedwali ambayo haina siri. Wengine waliona adhabu ni ndogo. Ukweli ni kwamba mkataba wa kutunza siri ulikuwa kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria, ukatiwa saini mlangoni watu wakiwa na mizigo mikononi. Tangu hapo umeandikwa upya kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, husomwa kwa sauti, na unataja wazi picha za simu. Wakati wa kuhakiki, simu hukaa kwenye kikapu.

Alama ya kufaulu

Ilitumika njia ya Angoff, iliyopewa jina la William Angoff aliyeieleza mwaka 1971. Kila mwamuzi huwafikiria watahiniwa 100 walio mpakani, wale ambao ujuzi wao unatosha kwa shida kumhudumia mgonjwa bila kumdhuru, na kukadiria wangapi wangepata swali fulani. Makadirio huwekwa pamoja na kujadiliwa, kisha waamuzi hukadiria tena. Wahadhiri walianza juu sana. Walikuwa wakimfikiria mwanafunzi wao bora. Wahudumu wanaosimamia wanaoanza kazi walikuwa karibu zaidi na hali halisi, na baada ya mjadala makadirio yalisogeleana. Kwa idadi ndogo ya watahiniwa, takwimu za kila swali hubadilika ovyo kutoka mtihani hadi mtihani, kwa hivyo uchaguzi wa waamuzi una uzito kuliko ilivyo katika nchi kubwa.

Matokeo

Lengo lilikuwa karatasi mbili kamili. Ilipatikana moja na sehemu ya pili, kutokana na maswali yaliyovuja na upungufu wa maswali ya watoto wadogo. Mtihani wa kwanza ulifanyika kwa karatasi hiyo moja. Kati ya wajitoleaji 14, tisa walikubali kuendelea.

Watungaji wenye uzoefu, ambao hawawezi kufanya mtihani waliouona, waliwekewa njia nyingine: jopo tofauti hukagua kumbukumbu za kazi yao na kuwatazama wakipima mgonjwa klinikini. Njia hiyo ilitangazwa kwa kuchelewa, na kwa miezi kadhaa baadhi yao waliulizwa na waajiri kwa nini wametunga mtihani ambao wao wenyewe hawana cheti chake.

Uchambuzi

Kilichobadilisha mambo kati ya mwito wa kwanza na wa pili hakikuwa fedha. Nauli ilikuwa ile ile. Ilitangulia safari tu badala ya kuifuata. Mtu aliambiwa ukubwa wa kazi, akaweza kupima kama anaimudu, na aliyesema ndiyo alikuwa amesema ndiyo kwa maswali kumi badala ya kwa heshima. Kuchagua watu kwa kufuata jedwali, yaani kumtafuta anayejua kile kilichopungua, kuliwaingiza wahudumu ambao vyeo vyao visingewafikisha mezani. Hata hivyo wasingefaa kitu bila mafunzo ya kutunga na bila ule utaratibu wa kuhakiki pasipo majina. Kuwaleta watu wa kliniki na kisha kuwakalisha chini ya walimu wao waziwazi kungetoa mtihani ule ule wa mwanzo.

Eneo la watoto lilishindwa kwa sababu iliyoonekana tangu uchambuzi wa kazi: wanaopima watoto chini ya miaka mitano mara kwa mara ni wachache, na wote wanafundisha. Kanuni ya kutotunga katika somo lako iliwagonga wao. Hapa kamati ilipaswa kuwaunganisha wawili wawili, mtaalamu wa watoto akitoa visa vya wagonjwa bila majina, na mtu mwingine akivigeuza kuwa maswali ambayo mtaalamu huyo hatayaona tena. Ilifikiriwa baada ya muda kupita.

Jambo lililoniuma zaidi ni ukimya uliofuata. Watungaji walirudi makwao, mtihani ukafanyika, na hakuna aliyewaandikia. Mmoja aliniuliza kama maswali yake yalifaa kitu. Huwezi kumwambia mtungaji ni swali gani limetumika, lakini unaweza kumwambia mangapi yalipita, mangapi yalirekebishwa na kwa nini mengine yalikataliwa, na kwa mtu asiyelipwa hiyo ndiyo stahili yake. Naamini watano walioondoka waliondokea hapo, ingawa wawili walisema ni kuhama kikazi.

Kwa duru inayofuata kamati imepanga barua hiyo itoke ndani ya wiki nne baada ya kila uhakiki. Muda wa kujitolea umewekwa kuwa miaka mitatu, na theluthi moja ya watungaji itabadilishwa kila mwaka ili wapya wakae na wenyeji. Wahudumu wawili wa watoto, wa Mombasa na wa Kilifi, wamekubali kutoa visa. Anayetafutwa sasa ni wa kuvigeuza kuwa maswali, na mwito wake umeandikwa kwa kazi hiyo peke yake.